Waya ya Mkono wa Kushoto

Jumatano asubuhi katibu wa akina mama wa kanisa alinipigia simu nikiwa nachambua mboga. Akaniambia Mzee Ochola amelala, atazikwa Jumapili, mke wake ni wa kanisa letu na familia inaomba mmoja wetu afungue ibada. Kamati ilikuwa imenitaja mimi. Nikamwambia kamati itafute mtu mwingine. Akadhani sijamsikia vizuri, akarudia yote tangu mwanzo. Nikamwambia nimekusikia, mama, lakini kwa huyo mtu mimi siombi.

Sasa, mimi ni mtu wa maombi, na wanaonijua wanajua. Nimefunga kwa ajili ya watu ambao hata sura zao sijawahi kuona. Nimelala kwa sakafu ya hospitali nikishika mkono wa mgonjwa wa wenyewe. Lakini Ochola nilikuwa nimemweka kando zaidi ya miaka thelathini, na nilishamwambia Mungu wazi kwamba huyo tusimzungumzie.

Nikarudi kwa mboga, mikono ikakataa. Kilichonijia hakikuwa uso wa Ochola, ilikuwa harufu. Petroli ya ndege hainuki kama ile ya pikipiki. Ina utamu kidogo, inakaa kwa pua kama kitu kinachoungua mbali. Changanya hiyo na oili ya moto, na nyasi iliyofyekwa asubuhi, na majani chai mabichi ndani ya gunia. Hivyo ndivyo nguo za baba yangu zilinuka nikiwa mtoto, na Ochola ndiye aliiondoa hiyo harufu nyumbani kwetu.

Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia upande wa Birongo, utakumbuka uwanja wa ndege wa misheni, ingawa kuuita uwanja ni kuupa heshima tu. Ulikuwa nyasi juu ya kilima. Upande mmoja kulikuwa na banda la mabati, upande mwingine nyasi iliisha ghafla na chai ikaanza kuteremka bonde. Katikati ng'ombe wa watu walikula nyasi, na kazi ya kwanza ambayo baba yangu alipewa pale ilikuwa kuwafukuza hao ng'ombe wakati ndege inakuja. Tata, ndivyo tulivyomwita, alikuwa ameishia darasa la nne. Kutoka kufukuza ng'ombe akapewa kufyeka nyasi, kutoka nyasi akapewa ufunguo wa banda, na kutoka ufunguo akaanza kushika spana.

Ndege yenyewe ilikuwa nzee kuliko yeye. Ilikuwa na magurudumu mawili mbele na kamoja kadogo chini ya mkia, kwa hivyo ikiwa imesimama ilikaa pua juu kama mbwa anayenusa nyama kwa jirani. Mabawa yake yalikuwa kitambaa kilichopakwa rangi. Siku niliyogundua ni kitambaa nilishindwa kulala. Ilibeba wauguzi na dawa na wagonjwa, na injini yake ilikuwa imechoka. Huku kwetu ni juu, hewa ni nyepesi, na jua likiwaka inakuwa nyepesi zaidi. Saa sita mchana, ikiwa na watu watatu ndani, ilikimbia mpaka nyasi ikaisha ndiyo iruke, na magurudumu yakachana chai ya watu. Siku moja injini ilinyamaza kabisa mara tu ilipoacha ardhi. Mimi na mama tulikuwa tunachuma chai bondeni. Tuliiona ikija kimya, ikaketi juu ya majani ya jirani kama kuku anayeatamia. Rubani alitoka damu ikimtiririka kwa paji la uso. Muuguzi alitoka akicheka na kulia pamoja.

Hapo misheni ikaamua hiyo injini itolewe, iwekwe nyingine yenye nguvu zaidi, na vitu vingi vibadilishwe pamoja nayo. Na ndiyo Ochola akaletwa.

Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, amesomea hiyo kazi, na ovaroli yake ilikuwa nyeupe. Hebu fikiria, nyeupe, katika kazi ya oili. Ekegusii, lugha yetu, hakujua, na tata hakujua Kijaluo, kwa hivyo waliongea Kiswahili, na Ochola alikiongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alikuwa mkali kwa kila kitu. Ukiangusha nati moja, kazi yote ilisimama mpaka ipatikane, kwa sababu nati iliyopotea inaweza kuwa imeingia ndani ya injini. Siku moja walitambaa kwa magoti kwenye nyasi kuanzia asubuhi, tata na vibarua wawili, wakitafuta nati ndogo kama punje ya maharagwe. Jioni ikapatikana kwenye upindo wa suruali ya Ochola mwenyewe. Alisema, "Vizuri, sasa tunajua iko wapi," akaenda kunywa chai. Hakuomba mtu msamaha. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika upya.

Mimi alinichukia, ama niliamini hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, shule zilikuwa zimefungwa, na kila siku nilimpelekea tata chakula nikakaa bandani mpaka jioni. Mimi natumia mkono wa kushoto. Shuleni mwalimu alinichapa kwa hilo, nyumbani shangazi alinifunga huo mkono kwa leso. Ochola hakunipiga. Aliniita Kashoto. "Kashoto, leo umeleta nini? Kashoto, ondoka kwa mlango, unaziba mwanga." Vibarua wakachukua hilo jina, wakalibeba mpaka sokoni, na shule zilipofunguliwa lilikuwa limefika darasani kabla yangu. Tata peke yake hakuniita hivyo.

Tata alinifundisha waya. Labda hujawahi kuona injini ya ndege kwa karibu, basi nikuambie. Kila bolti ina katundu kadogo kichwani. Ukishakaza unapitisha waya ndani ya hiyo tundu, unaisokota kama mtu anasuka nywele, halafu unaifunga kwa bolti ya jirani, ili moja ikitaka kulegea ile nyingine iivute irudi. Bolti zinachungana. Tata alinipa vipande vilivyobaki nisokote kwa vidole, nikiwa nimekaa juu ya debe. Vyangu vilizunguka upande mwingine kwa sababu ya mkono wangu. Alivigeuza kwa mwanga, akatabasamu, akaniambia, "Waya yako inatembea kinyumenyume." Alisema kama anasifu.

Injini mpya ilikuja kwa lori, ndani ya sanduku la mbao. Walisimamisha miti mitatu ya blugamu juu ya pua ya ndege, wakafunga winchi ya mnyororo, wakateremsha ile nzee polepole. Watu wa kijiji walikuja kuangalia kama vile kunachinjwa fahali. Mpya ilipopanda ikaonekana ni nzito kuliko ile, kwa hivyo betri ikahamishwa ikapelekwa karibu na mkia ili ndege isilale kifudifudi. Kifuniko cha injini kikakatwa kipanuliwe. Propela ndefu zaidi ikawekwa. Wiki baada ya wiki nilimwona tata anaingiza mikono mahali ambapo Ochola, na ukubwa wake, hangeweza kufika. Na Ochola akawa anasema kidogo na kuelekeza kwa kidevu, na tata anaelewa.

Kulikuwa na barua. Misheni ingempeleka tata chuo Nairobi asomee kazi ya injini za ndege. Angekuwa mtu wa kwanza kutoka kilima chetu kupata karatasi ya kazi kama hiyo. Barua ilikuwa imeshaandikwa, ikakaa kwenye mfuko wa kifua wa Ochola, ikingoja mkaguzi wa serikali aje, aangalie injini na aweke sahihi. Nyumbani mama alishaanza kuzoea kusema "akienda Nairobi" kama vile mtu anavyosema "mvua ikinyesha". Ochola mwenyewe ndiye aliiandika hiyo barua. Hilo nililisahau kwa miaka mingi. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba aliichukua tena.

Sasa kuhusu zile kadi. Kila kitu kilichotolewa kwa ndege kilifungiwa kadi kwa waya. Kadi za kijani zilikuwa kwa vitu vilivyongoja kufungwa, na hivyo vilikaa mezani wazi, vikigongwa na kusukumwa na kupuliziwa vumbi. Kadi nyekundu zilikuwa kwa vitu vingine, na hivyo viliwekwa kwenye kizimba cha waya pembeni, kwa rafu safi, na mlango wake ukafungwa kwa kufuli. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa tata. Hakuna mtu aliniambia maana ya hizo rangi na sikuuliza, kwa sababu nilidhani naelewa. Nyumbani kwetu kitu cha kufungiwa kwa kufuli kilikuwa vikombe vya wageni. Na Sabato iliyotangulia mwalimu wetu wa watoto alikuwa ametuonyesha picha ya wana wa Israeli wakipaka damu kwa miimo ya milango, na malaika wa mauti anapita, akiona nyekundu haingii. Niliangalia kile kizimba nikasema moyoni, hivi ndivyo vimelindwa.

Huenda ningekaa na hiyo fikra tu, kama si sheria ya Ochola. Sheria yake ilikuwa kwamba anayefunga waya ya mwisho ndiye anapanda ndege siku ya kwanza, pamoja na rubani. Alisema hiyo inafanya mikono iwe makini. Na alitangaza mbele ya wote kwamba waya ya mwisho itafungwa na Nyakundi, yaani tata. Vibarua wakapiga makofi. Mimi nikaona ile ndege ikija kimya juu ya chai, nikaona damu kwa paji la uso, lakini sasa uso ulikuwa wa tata. Mama naye usiku huo aliomba muda mrefu kuliko kawaida, na nilisikia anataja ndege.

Ijumaa tata alifunga waya ya mwisho. Jua lilikuwa linateremka na alitaka kufunga banda kabla Sabato haijaingia, kwa hivyo alifagia haraka, akatoka nje kwa tangi kuosha mikono. Ochola alikuwa ameshaenda. Nilivuta droo ya meza, nikachukua kadi nyekundu moja, haina hata neno. Nilichukua kipande cha waya yangu mwenyewe. Nikapanda juu ya debe, nikaingiza mkono chini ya kifuniko mpaka kwa bomba la nyuma ambapo mtu haoni, nikaifunga nikaisokota vizuri, kama nilivyofundishwa. Nikamwambia Bwana, aione. Niliporudi nyumbani nimeshika mkono wa tata nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuipata tena kwa urahisi namna hiyo.

Jumatatu mkaguzi alikuja na tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama cha daktari wa meno. Alizunguka ile injini saa nzima akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nje, nakula muwa. Halafu nikasikia kimya, na kimya cha banda la mafundi si kitu cha kawaida. Mkaguzi alitoka, akaenda kusimama kwa gari lake na rubani, wakiongea kwa sauti ya chini. Ndani walibaki Ochola na tata. Nikasogea nyuma ya mabati.

Tata alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hata mkikaa meza moja ulihitaji kumwinamia ili umsikie. Kwa hivyo nilisikia upande mmoja tu wa yale maneno.

"Nani alifunga?" Ochola akauliza. Kimya. "Nyakundi, nakuuliza tena. Nani?" Kimya kirefu. Halafu ile sauti ya ng'ambo ya mto ikapanda mpaka wale waliokuwa kwa gari wakageuka.

"Wewe ni mwongo. Mtu akikosea mimi namfundisha, hata mara mia. Mwongo simfundishi, na ndege aliyoshika mwongo mimi sipandi wala sipandishi mtu. Vua ovaroli. Kitabu cha injini naandika leo."

Tata alitoka na ovaroli imekunjwa kwa mkono kama shuka ya mgonjwa. Alikuwa mzee wa kanisa. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimwita mwongo, hata mama wakikosana. Ochola alisimama mlangoni. Aliniangalia mimi, akaangalia mkono wangu wenye muwa, akaniangalia tena, muda mrefu. Mimi nikasoma dharau kwa hayo macho. Akasema, "Kashoto, enda nyumbani na baba yako."

Nyumbani mama akamuuliza, na akamwambia, huku mimi niko hapohapo natoa maharagwe kwa maganda, kwamba imepatikana kadi nyekundu kwa injini. Nyekundu ni ya kitu kilichokufa, akasema, kitu kisichoruhusiwa kurudi hewani, ndiyo maana vinafungiwa kwa kufuli ili mtu asivirudishe kwa makosa. Na kwa sababu ilikuwa haina maneno, hakuna anayejua ni kitu gani kimekufa, kwa hivyo injini yote itafunguliwa, kipande kwa kipande. Mama akauliza ni nani alifanya hivyo. Tata akasema, "Kazi ilikuwa kwa mkono wangu."

Nilikaa na haragwe moja kwa kidole. Ningesema hapo. Nimerudi kwa hiyo dakika mara nyingi, nikafungua mdomo, nikasema. Siku ile sikusema. Baadaye ikawa rahisi zaidi kumchukia Ochola, na nikakuta kuna nafasi kubwa ya kumchukia. Aliyemwita baba yangu mwongo ni yeye, si mimi. Nilishika hapo, sikutoka.

Alikuja kwetu mara moja, miezi kadhaa baadaye, na ovaroli yake nyeupe, akiuliza kama mzee yupo. Nilikuwa nafua. Nilingoja akanyage mahali pazuri, nikamwaga beseni lote kwa viatu vyake. Akaangalia viatu. Akasema, "Kashoto una shabaha," akapita akaingia. Walikaa na tata nyuma ya nyumba, na alipotoka hakuniangalia. Mama hakumpa chai. Kwa nyumba ya Mkisii mgeni akitoka bila chai, ujue ametukanwa.

Tata alirudi kwa chai, kuchuma na kubeba. Ile ndege ikafunguliwa, ikafungwa na watu wengine, ikakubaliwa. Ilipita juu yetu karibu kila siku na sauti yake mpya, nzito, ya kushiba, ikipanda mapema bila kugusa majani ya mtu. Sisi tuliinama kwa chai ili tusiione. Tata alisimama na kikapu mgongoni akaisikiliza mpaka ipotee. "Plagi moja ni chafu," alikuwa anasema. Ama, "Leo anaikimbiza sana." Halafu anainama. Nilimchukia Ochola kwa kila mara tata aliposimama hivyo.

Darasa la nane likaisha na karo ya sekondari haikuwepo. Niliolewa Ekerenyo, nikapata watoto wanne. Nilipofika miaka thelathini na kitu nikaanza masomo ya jioni, na hata hilo nilimwandikia Ochola kwa deni lake: nilikuwa nakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinifika kifuani, kwa sababu yake. Mwalimu alitupa insha ya siku ambayo hatutaisahau. Niliandika ile ndege, banda, winchi, mkaguzi na kioo chake. Nilipofika kwa kadi nyekundu, niliandika kwamba fundi mkuu aliifunga mwenyewe kwa sababu ya wivu. Mwalimu alinisifu, akaisoma kwa darasa. Nikashukuru. Na mimi nafundisha watoto Amri Kumi.

Nikikutana na Ochola Birongo siku ya soko, mzee sasa, fimbo mkononi, alikuwa ananisalimia kila mara. "Kashoto, baba hajambo?" Kila mara nilimgeuzia mgongo, na watu wakiona.

Kwa hivyo Jumatano, mboga ikanishinda, nikachukua pikipiki mpaka kwa tata. Mama alishatutangulia. Tata anakaa peke yake na ng'ombe mmoja, macho yamepungua, na masikio yake bado yanajua pikipiki ya nani inapanda kilima. Nilimkuta kwa kibaraza anapepeta wimbi.

Nikamwambia Ochola amekufa. Akasema amesikia. Akaniuliza mazishi nitaenda na nani. Nikamwambia siendi, na wamenitaka niombe nimekataa.

"Kwa nini?"

"Alikuita mwongo, tata. Mbele ya watu."

Alipepeta kidogo, akapuliza makapi. "Nilikuwa mwongo," akasema. "Aliniuliza ni nani alifunga kadi, nikamwambia ni mimi."

Nilisikia ule upande wa pili wa maneno, ule ambao mabati yalininyima. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia kuhusu kizimba na kufuli na damu kwa milango, kwamba nilikuwa nataka asife. Mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, nywele zinaingia mvi, ninalia kama niko juu ya debe.

"Najua," tata akasema. "Ile waya ilikuwa inatembea kinyumenyume. Niliiona kwa kioo cha mkaguzi kabla hajaishika. Na yeye aliiona. Ochola alijua waya ya kila mtu. Yangu alikuwa ameiangalia miezi mitatu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwa ndege kila kitu kinaandikwa kwa kitabu cha injini, na kilichoandikwa hakifutwi. Inauzwa na kitabu, inaenda nchi nyingine na kitabu. Lazima angeandika jina la aliyefunga. Sikutaka liwe lako." Akachagua jiwe kwa wimbi. "Alikuja hapa kuniuliza tena. Akasema, sema ni mtoto, yeye ataandika sahihisho chini ya jina langu, na Jumatatu nirudi kazini. Nikamwambia ni mimi. Akakasirika sana. Akaniambia, Nyakundi, wewe ni fundi mzuri na mwongo mbaya, hata kudanganya hujui. Akaenda na viatu vyake vimelowa."

"Angenyamaza basi. Angekubali tu."

"Hapana," tata akasema, na sauti yake ndogo ikawa na kitu ndani ambacho nilikuwa sijakisikia tangu bandani. "Kwa hiyo kazi huwezi kukubali tu. Mimi pia nisingepandisha mtu."

Nilimuuliza ile waya ilienda wapi. Akaelekeza kwa kidevu, kama Ochola. Ilikuwa kwa geti ya boma ya ng'ombe, inashika kitasa. Nimefungua hiyo geti nikiwa msichana, nimeifungua nikija na mume, nikija na watoto, nikija kumzika mama. Nilienda nikainama. Misumari ya pande zote imekuwa kutu tupu, lakini waya ilikuwa inang'aa, imesokotwa karibukaribu, vizuri, kila mzunguko ukienda upande wangu. Nikaishika.

"Usiifungue," tata akaita kutoka kibarazani. "Ng'ombe atatoka."

Bado simpendi Ochola. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka na uongo. Aliniita jina nisilolitaka, alimnyima baba yangu kazi ambayo mikono yake ilizaliwa nayo, na ile nati hakuomba msamaha. Lakini alisema ukweli pale bandani, na katika sisi watatu ni yeye peke yake.

Nilisimama kwa geti nikampigia katibu. Akasema wameshapata mwingine wa kuomba. Nikamwambia sawa, aombe yeye, mimi nataka kuongea. Akauliza niandikwe wapi kwa programu, kwa majirani ama kwa kanisa. Nikamwambia kwa waliofanya kazi naye. Akasema hakujua niliwahi kufanya kazi na huyo mzee.

"Siku moja tu," nikamwambia. "Andika jina langu. Majina yote matatu, na yasifutwe."